Je, Mtoto Afichwe Dhuluma?

Wako wazazi wadhanio kwamba mtoto asiyesikia habari za dhuluma hukua na moyo safi. Nia yao twaiheshimu, maana yatoka katika upendo. Lakini yatupasa kuuliza: je, mtoto aweza kufichwa jambo alilokwisha kuliona kwa macho yake?

Tunacho mbele yetu kitabu cha mwandishi Mmarekani mweusi, Mildred Taylor, kiitwacho Roll of Thunder, Hear My Cry. Kilitolewa mwaka 1976 kwa ajili ya vijana, na mwaka 1977 kikapata nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto huko Marekani. Hadithi yake ni ya Mississippi mwaka 1933, nyumbani mwa wakulima weusi wenye shamba lao wenyewe, jambo la nadra kwa watu wao siku zile.

Mwana wao wa mwisho, mwenye miaka 6, apenda usafi kupita kiasi. Siku ya kwanza shuleni alipewa kitabu kichafu, kimechakaa. Akaomba kingine, akanyimwa. Ndipo alipofunua jalada akaona orodha iliyopigwa chapa ndani. Mwaka baada ya mwaka kitabu kile kilikuwa mikononi mwa watoto Wazungu, na kilipokuwa kibovu kabisa ndipo kilipotolewa kwa mtoto mweusi, naye ametajwa pale kwa neno la dharau. Mtoto akakitupa chini, akakikanyaga. Mwalimu wake, mweusi kama yeye, akamchapa.

Mama yake alikuwa mwalimu katika shule ile ile. Hakupiga kelele. Alitwaa karatasi na gundi, akaifunika orodha. Mwenzake akamwonya kwamba anawadekeza watoto, maana lazima siku moja wajue mambo yalivyo. Mama akajibu kuwa kuyajua si kuyakubali.

Mtu atasema: basi, hata yeye alificha! Sisi hatuoni hivyo. Mtoto alikuwa amekwisha kusoma, wala hakuna gundi iwezayo kuyafuta aliyoyasoma. Alilolikataa mama ni shule kulitia muhuri neno lile, mtoto alifunue kila asubuhi kana kwamba ni sehemu ya somo. Tena kweli hakuiogopa: baadaye alifukuzwa kazi kwa kufundisha habari za utumwa ambazo hazikuwamo katika kitabu cha shule.

Hata hivyo twakiri kwamba swali halikwishi hapo. Mwaka 2020, huko Burbank, California, wazazi kadhaa walilalamika kwamba maneno ya dharau yaliyomo katika kitabu hiki na vingine yaliwaumiza watoto weusi, navyo vikaondolewa katika vitabu vya lazima darasani. Hatuwabezi wazazi hao. Nao, kwa namna yao, walishika gundi. Ila orodha ile ilimtajia mtoto thamani yake ikamwacha peke yake nayo, hali kitabu cha Taylor chamwonyesha mtu aliyeikataa.

Kwa mzazi aulizaye kama ampe kijana wake kitabu cha namna hii, jibu letu ni ndiyo. Lakini akisome yeye kwanza, na jioni ile kijana atakapoifikia orodha, mzazi awe karibu, redio imezimwa.