Kazi ya Chini ya Gari

Kazi za mikono ni za namna mbili. Ziko kazi ambazo macho ya watu huwa mashahidi wake: mlango wa nakshi katika Mji wa Kale wa Mombasa husimama njiani miaka na miaka, na kila apitaye aweza kumsifu au kumlaumu seremala aliyeuchonga. Ziko na kazi nyingine ambazo zikisha kufanywa hufunikwa, na hapana ajuaye kama zilifanywa vema, au vibaya, au hazikufanywa kabisa, ila yule aliyezifanya. Nataka tufikiri pamoja, msomaji, juu ya kazi za namna hii ya pili, na swali langu ni hili: mtu asiyeweza kuikagua kazi aliyoilipia, je, haki yake kwa fundi hupungua au huzidi?

Mfano wangu ni mnyonge na unanuka mafuta. Ni giaboksi ya lori.

Ukisimama kando ya njia ya Makupa, iungayo kisiwa cha Mombasa na bara, utaona malori yakitoka bandari ya Kilindini na shehena zake. Mbele yao iko safari ya kilomita 480 hivi mpaka Nairobi, na katika safari hiyo yatapanda kutoka usawa wa bahari hata kimo kipatacho mita 1,700. Mengine hayaishii huko, bali huendelea mpaka Uganda, Rwanda na Kongo. Reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2017 imechukua sehemu ya mzigo, lakini haikuyaondoa malori barabarani. Katika safari yote hiyo mkono wa dereva huwa ukishauriana na kitu asichokiona.

Ndani ya sanduku lile mna magurudumu yenye meno, makubwa kwa madogo, nayo huzunguka kwa mwendo usio sawa. Kabla ya kushikana lazima miendo yao isawazishwe, na katika malori mengi kazi hiyo hufanywa na pete za shaba zinazosuguana na gurudumu mpaka viwili hivyo vizunguke pamoja. Mafuta yaliyomo yana wajibu mgumu: yateleze kiasi cha kuyahifadhi meno, wala yasiteleze mno hata pete zikashindwa kushika. Kwa hiyo si kila mafuta mazito yafaa. Mtengenezaji huandika daraja aitakayo, na yako mafuta ya daraja la GL-5, mazuri kwa difu ya nyuma, ambayo dawa zake zaweza kuidhuru shaba ya giaboksi iliyoandikiwa GL-4. Kwa mtu asiyesoma maandishi ya mkebe, mafuta ni mafuta.

Sasa gia ikianza kuwa ngumu, dereva kijana mwenye misuli huisukuma kwa nguvu, ikaingia, naye akadhani ameshinda. Fundi mwenye busara huuliza kwanza. Injini ikizimwa, gia huingia kwa urahisi? Ikiwa huingia, na injini ikiwaka hukataa, shaka na iangukie klachi, ambayo pengine haiachi sawasawa kwa kupungukiwa na mafuta yake au kwa kuingiwa na hewa. Ikiwa hukataa katika hali zote mbili, na azitazame fito na viungo vinavyounga mkono wa gia na sanduku, kisha sanduku lenyewe. Katika nchi za theluji gia huwa ngumu asubuhi kwa sababu baridi imeyafanya mafuta kuwa mazito, na gari likipata joto ugumu huondoka. Mombasa haimpi mtu udhuru huo.

Akiona kwamba mafuta yamechakaa, hulipasha lori joto kwa mwendo mfupi, hulisimamisha mahali tambarare, huyazuia magurudumu yasiende, kisha hufungua kizibo cha juu, cha kujazia, kabla hajakigusa cha chini. Desturi hii ndogo ina akili nyingi. Akimwaga kwanza, halafu akakuta kizibo cha juu kimeshikwa na kutu hakifunguki, atabaki na giaboksi tupu na lori lisiloweza kuondoka. (Naipenda kanuni hii, na nadhani ingewafaa wengi wasiopata kushika spana maishani mwao.) Kizibo cha chini aghalabu kina sumaku. Ikiwa sumaku imevaa unga laini wa kijivu, mfano wa wanja, huo ni uzee wa kawaida. Ikiwa imeshika kipande cha jino, hapo kumwaga mafuta hakutoshi. Chembe za rangi ya dhahabu zikielea katika mafuta ni habari ya pete za shaba. Mwisho hujaza mafuta mapya mpaka yachuruzike katika tundu la juu, hufunga, hupangusa.

Lakini ebu tumfikiri fundi wa pili. Huyu hujilaza chini ya gari, hukipangusa kizibo kwa kitambaa kikang'aa, huongeza mafuta kidogo juu ya yale ya zamani, hutoka na mikono michafu, hupokea ujira. Mwenye lori ataona nini? Ataona kizibo king'aacho. Siku chache gia itasikika nyepesi kidogo, au atadhani ni nyepesi kwa kuwa amelipa. Giaboksi haifi leo. Itakapokufa, baada ya miezi, itakuwa mbali na kisiwa, na lawama itagawanywa baina ya dereva, barabara na mzigo.

Katika Bandari ya Kale, chini ya mji uleule wa milango ya nakshi, mafundi wa jahazi walilijua jaribu hili kabla injini ya kwanza haijafika pwani. Pamba iliyoloweshwa mafuta hushindiliwa kati ya mbao, na deheni ya shahamu na chokaa hupakwa sehemu ya chombo itakayozama. Chombo kikisha kushushwa majini, kalafati nzuri na kalafati ya hila hufanana. Nahodha hawezi kupiga mbizi katika kila mawimbi atazame. Alichokinunua kwa fundi, pamoja na kazi, ni ruhusa ya kutokuwa na wasiwasi, na ruhusa hiyo haitolewi kwa nusu. Kwa sababu hii nasema kwamba haki ya asiyeona huzidi haki ya aonaye: aonaye ana macho yake ya kumlinda, na asiyeona hana kitu ila fundi.

Tena asiyeona si mwenye lori peke yake. Kati ya gia na gia kuna nafasi isiyo na gia. Lori lenye shehena likiwa katika mteremko, dereva akitoa gia kubwa na ndogo ikakataa kuingia, gari huwa limeachiwa kwa breki tu. Breki hupata moto, na zikizidi moto hupoteza nguvu. Katika mteremko wa Salgaa na Sachangwan, njia ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, ambako ajali za malori zimeua watu wengi, madereva wamelaumiwa mara nyingi kwa kuliachia gari bila gia kwa kusudi, ili wabane mafuta. Fundi wa hila aweza kumtia katika hatari hiyohiyo dereva ambaye hakukusudia. Na mama auzaye viazi chini ya mteremko hakuajiri fundi, hakumlipa, wala hajui kwamba yuko.

Utaniambia, na una haki, kwamba fundi ni maskini na tajiri wa lori ni bahili: hutaka gari jioni ileile, na hukataa bei ya mafuta mapya. Hapo hatia hugawanyika, nami sioni haya kumtwika tajiri fungu kubwa. Walakini fundi ana njia moja isiyohitaji mtaji, nayo ni kusema, "Mafuta sikubadili, nimeongeza tu." Neno hili laweza kumpotezea mteja. Halimpotezei mtu mwingine uhai, kwa kuwa dereva aliyelisikia atateremka polepole.

Yabaki mafuta machakavu katika karai. Ni meusi, ni lita kadhaa, na karakana iko karibu na mtaro. Mtaro huenda baharini, na baharini yuko mvuvi wa Tudor na mtego wake, ambaye hajapata kumiliki lori.