Mkuyu wa Njiani

Mtakatifu Luka, katika sura ya 19, atupasha habari za Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko. Kwa kuwa alikuwa mfupi, na watu walikuwa wengi, alikwea mkuyu kando ya njia ili amwone Bwana Wetu. Juu ya Zakayo twahubiri sana. Juu ya mkuyu hatusemi neno. Walakini aliukuta umekwisha kukua, wala hatusomi kwamba aliomba ruhusa ya mtu kuukwea.

Mji wa Nairobi nao una mti wa namna hiyo. Huko Westlands, kando ya Waiyaki Way, upo mgumo mkubwa unaosadikiwa kupita umri wa miaka 100, na Wakikuyu tangu kale wameuheshimu mgumo kama mahali pa sala. Mwaka 2020, ilipojengwa barabara ya juu, ilikusudiwa mti huo ung'olewe. Watu walilalamika, na mwezi wa Novemba Rais Uhuru Kenyatta akatoa tamko la kuulinda. Twashukuru. Lakini tuseme kweli: miti mingi mingine ya njia ile ilikatwa, nayo haikupata tamko.

Mti wa uani una mwenyewe, ukikatwa, atauliza. Mti wa njiani ni wa wote, na kwa hiyo hukosa wa kuuliza. Ndiyo sababu mji huwa na halmashauri. Yaipasa kuijua miti yake na kuiandika daftarini, na kumtuma kuipogoa mtu aliyejifunza kazi, si kibarua wa kuikata vichwa na kuacha visiki vioze. Tena adui si shoka peke yake. Mchimba mtaro akikata mizizi ya upande mmoja, mti hukaa kijani pengine miaka kadhaa. Kisha masika moja huangukia kibanda cha muuza mboga, nasi twaulaumu mti! Saruji nayo ikisukumwa hata shinani, mizizi hukosa maji na hewa.

Hatusemi kila mti lazima ubaki. Uliooza juu ya njia ya watoto wa shule na ukatwe upesi. Lakini mkataji na atoe sababu mbele ya watu kabla ya kukata, kisha apande mwingine na kuumwagilia wakati wa kiangazi. Kupanda mche siku ya sherehe, mbele ya wakubwa, ni kazi ya dakika tano.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 69, yaiagiza Serikali ijitahidi miti ifunike walau asilimia 10 ya nchi. Na papo hapo yampa kila mtu wajibu wa kusaidia kuyalinda mazingira. Basi sisi tunaopigilia misumari ya matangazo na kuchoma taka shinani tumo katika kifungu hicho. Nanyi waamini wa parokia za mjini, nendeni katika ofisi ya kaunti, mkaulize daftari la miti ya mtaa wenu liko wapi, na ni nani alishikaye.