Je, Mzee Aliyepotewa na Kumbukumbu Aulizwe?

Binti mmoja wa mtaa wetu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Uingereza. Alipokuja likizo alitueleza habari za bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau, aliyekuwa akilia kila jioni akitaka kwenda nyumbani. Akapewa dawa ya wagonjwa wa akili. Sasa amenyamaza, anasinzia kitini mchana kutwa. "Mwalimu," akasema, "hakuna aliyemwuliza. Je, tulimtibu au tulimnyamazisha?"

Sisi tuliofundisha miaka mingi, na baadaye kuwafundisha walimu chuoni, twakiri kwamba tulipenda darasa kimya. Mkaguzi akipita tulisifiwa. Lakini kimya cha fimbo hakikuwa elimu, nasi tulijua.

Dawa hizi si mchezo. Mwaka 2005 idara ya dawa ya Marekani ilionya kwamba zile mpya za jamii hii huongeza vifo vya wazee wenye ugonjwa huo. Mwaka 2008 ikaonya juu ya zile za zamani pia. Mwaka 2009 Profesa Sube Banerjee aliiarifu serikali ya Uingereza kwamba wagonjwa wapatao 180,000 walikuwa wakipewa dawa hizi kwa mwaka, na huenda 36,000 tu walipata nafuu. Vifo vya ziada alivikadiria kuwa 1,800.

"Lakini hamjui hata mwanawe, aulizwe nini?" Hapo ndipo penye ugumu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 yataka mtu asihesabiwe kuwa hawezi kuamua kabla ya kusaidiwa kwa kila njia iwezekanayo. Asiyeelewa jioni huenda akaelewa asubuhi, akielezwa polepole. Akishindwa kabisa, jamaa waulizwe yeye angependa nini, wala si wao wapenda nini. Mtoto hawezi kukubali badala ya mama yake kwa kuwa tu ni mtoto wake; mpaka awe amepewa mamlaka hayo kisheria. (Kwetu, tuliozoea kifungua mimba kuamua yote, neno hili ni gumu kumeza.)

Hatusemi dawa zitupwe. Yuko mzee aonaye maadui ukutani, akateseka na kumpiga kila amkaribiaye. Huyo huenda zikamsaidia. Lakini bibi yule alitaka kwenda nyumbani. Tulimwuliza binti: nyumbani kwake ni wapi? Hakujua.

Amekwisha kurudi kazini na maswali mawili: moja la bibi, juu ya nyumbani kwake, la pili la daktari, ni lini dawa ile itapunguzwa.