Kutazama Maua ya Vilimani



Mwezi wa pili unapokwisha, vilima vinavyozunguka Bunia vyaonekana kana kwamba vimekufa. Tangu mwezi wa kumi na mbili mvua imekuwa haba, majani yamekauka, moto umepita, na mtu atembeaye porini arudi nyumbani na miguu myeusi kwa masizi. Kisha mvua za mwezi wa tatu zaanza. Hazipiti siku nyingi, na katika nchi ile nyeusi latokea ua la mviringo, jekundu kama kaa la moto, limesimama juu ya shina lake, mara nyingi kabla ya kuwa na majani. Wenye elimu ya mimea huliita Scadoxus. Ninyi mmeliona tangu utoto wenu. Lakini nawauliza: mmelitazama?

Kuona ni kazi ya macho tu. Kutazama ni kazi ya macho na moyo pamoja. Ng'ombe naye huliona ua lile, akalipita, maana si la kuliwa. Nasi mara nyingi twafanya kama ng'ombe.

Bwana wetu Yezu Kristu, alipofundisha mlimani, aliwaagiza watu wayaangalie maua ya kondeni, akayalinganisha na mavazi ya mfalme Solomoni. Someni Matayo, sura ya sita. Na wale waliomsikiliza walikuwa akina nani? Hawakuwa matajiri waliokaa kivulini. Walikuwa wavuvi na wakulima, wanawake wenye wasiwasi wa chakula cha kesho, watu ambao nchi yao ilitawaliwa na askari wa kigeni. Hao ndio aliowaagiza kutazama maua. Basi mtu asije akawaambia kwamba kupanda kilima ili kuutazama uzuri wa viumbe ni mchezo wa wageni wenye fedha.

Mmoja wenu aliniuliza: «Mwalimu, kutembea mlimani bila jembe wala kikapu, je, si uvivu?» Swali jema. Uvivu ni kuacha kazi iliyo wajibu wako. Lakini kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu mwenyewe, katika kuumba, alivitazama alivyoviumba akapendezwa navyo, kisha akapumzika. Atembeaye Dominika alasiri, baada ya Misa, hamwibii mtu. (Hata hivyo, ninyi akina baba, angalieni: mke wako akiwa bado kisimani na ndoo, nawe uko kilimani na simu yako, hiyo sitaiita ibada.)

Mwaka mmoja, katika Kwaresima, niliwachukua wakatekumeni wanane kupanda kilima kilicho karibu na kijiji. Tulikuwa na maji, viazi vitamu vya kuchemsha, na simu moja yenye kamera. Kijana mmoja, mwenye bidii kuliko wote, alipoliona lile ua jekundu aliling'oa pamoja na kitunguu chake cha chini, apate kulipeleka altareni. Nia yake ilikuwa njema, sikumgombeza. Msichana aliyekuwa na simu alipata ua jingine, akapiga magoti katika majivu, akapiga picha, akaondoka. Tulipofika nyumbani, ua la yule kijana lilikuwa limelegea kama kitambaa kilicholoa, na kitunguu chake hakitachipua tena mwaka ujao. Ua la yule msichana lilikuwa mahali pawili: ndani ya simu, na kule kilimani kwa nyuki na vipepeo. Hapo sikuhitaji kufundisha neno. Nilimwambia kijana tu anawe mikono vizuri, maana kitunguu kile kina sumu.

Nanyi mtakaokwenda, sikilizeni ufundi kidogo nilioupata. Nendeni asubuhi mapema, jua halijawa kali, au alasiri linapoinama. Jua la saa sita hulipausha ua likawa kama karatasi. Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa safi, maana vidole vyetu vina mafuta. Msisimame wima na kulipiga ua kutoka juu, kama mwenye kuhesabu mbuzi. Shukeni mpaka macho yenu yalingane nalo. Mwenye kutaka picha njema ya ua dogo hana budi kupiga magoti, apende asipende, nami nimewaona vijana ambao kanisani magoti yao ni mazito lakini porini ni mepesi. Tena angalieni mnapokanyaga, msije mkayaponda maua kumi kwa ajili ya picha ya moja.

Kila majira yana yake. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimeungua, uko mti mfupi wenye gome nene lililopasuka-pasuka, wenye miiba, ambao huchanua maua mekundu ukiwa hauna hata jani moja, na ndege chozi huja kunyonya asali yake. Gome lile ndilo linaloukinga na moto. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi mmezitunga shanga mlipokuwa watoto. Msiwape wadogo wakazitafuna, ni sumu. Mvua zikizidi, tazameni vichakani ua la Gloriosa, jekundu lenye ukingo wa manjano, ambalo petali zake zimegeuka juu kama ndimi za moto. Halina mikono, lakini ncha ya kila jani lake imejikunja kama ndoana, nayo hushika majani ya jirani ili kupanda juu. Nililitazama jambo hilo kwa nusu saa, nikachelewa sala ya jioni. Nalo pia, hasa kiazi chake, ni sumu kali.

Wengine wadhani picha ni kitu cha kujionyesha tu. Sivyo. Mwaka 1906 mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alipanda Ruwenzori, ile milima iliyo kusini kwetu. Pamoja naye alikuwapo mpiga picha Vittorio Sella. Siku zile picha zilipigwa juu ya vioo vizito, na wapagazi walivibeba katika matope na baridi. Sella alipiga picha za barafu ya vileleni, na za mimea ya ajabu ya kule juu, lobelia na senesio, mirefu kuliko mtu. Leo barafu ile imepungua sana. Nasi twajuaje imepungua kiasi gani? Kwa sababu mtu mmoja aliitazama kwa saburi akaacha ushahidi. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliwaandikia watu wote barua iitwayo Laudato si', juu ya kuitunza dunia kama nyumba yetu sisi sote. Mwenye kusoma barua ile huku akizitazama picha za Sella atafahamu upesi.

Sasa lazima niseme neno zito. Najua kwa nini wengi wenu hamtembei vilimani. Bogoro, kijiji kilicho katika barabara ya kushuka Kasenyi, kilishambuliwa tarehe 24 mwezi wa pili 2003, na watu wengi wakauawa. Mwaka 2014 mahakama ya La Haye ilimhukumu mmoja wa wakuu wa wapiganaji kwa sehemu yake katika uovu huo. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Mvua zilikuja baada ya hapo kama kila mwaka, na nani alikwenda kutazama maua? Tangu mwaka 2017 vijiji vingi vya Djugu vimechomwa, na mwezi wa tano 2021 jimbo letu la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kwa hiyo sisemi: nendeni popote. Waulizeni wazee ni njia ipi iliyo salama. Msiende peke yenu. Msipige picha ya askari, wala ya kizuizi cha barabarani, wala ya machimbo ya dhahabu. Penye mashaka, rudini; hata nyuma ya kanisa kuna maua.

Lakini msikubali kwamba kilima ni mahali pa kuogopa tu. Mungu hakukiumba kiwe mpaka kati ya kabila na kabila. Miongoni mwa wale wanane niliowachukua walikuwamo Wahema na Walendu. Kupanda walipanda makundi mawili, hawa mbele, hawa nyuma. Kushuka sikuweza kuyatenga makundi tena, kwa maana simu ilikuwa moja na wote walitaka kuitazama.

Juma lililofuata yule msichana alikwenda kambini kwa watu waliokimbia vita, kumsalimu mama mzee wa ukoo wake, aliyekuwa hajakiona kilima chake kwa miaka mitatu. Akamwonyesha ile picha. Mama akaishika simu kwa mikono miwili, akaikaribisha machoni, akaliita lile ua kwa jina lake la kienyeji, ambalo yule msichana hakulijua. Kisha akasema kwamba lilikuwa likiota nyuma ya ghala lake, karibu na kaburi la mumewe, na kwamba mwaka huo, bila shaka, limeota tena. Akaomba aonyeshwe mara nyingine.