Zilipendwa, Lakini za Nani?

Hapa Ulemo, jioni watu wakisharudi mashambani na vumbi la ng'ombe likitulia, kuna spika moja jirani na mashine ya kukamua alizeti ambayo huanza kuimba. Mwenye spika ana memori kadi iliyojaa muziki wa miaka ya 1980: Orchestra Maquis, Mlimani Park, Vijana Jazz, Marijani Rajab, halafu hapohapo wanaingia Boney M na Michael Jackson. Ajabu ni kwamba sisi vijana, ambao miaka hiyo hata kuzaliwa bado, ndio tunaoimba kwa sauti kuliko wazee. Tunafumba macho, tunatikisa kichwa, tunasema, "Siku hizi hakuna muziki, bwana." Ndugu msomaji, hebu nikuulize: mtu anakumbukaje asichokiishi?

Mjomba wangu hucheka akitusikia. Mwaka 1984 yeye alikuwa kijana wa miaka 21. Anasema sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya kubahatisha, na betri za redio zilikuwa adimu kiasi kwamba zikiisha nguvu unazianika juani juu ya tembe, ili usiku zikupe nyimbo mbili tatu zaidi. Nchi ilikuwa imepigana na Idi Amin mpaka mwaka 1979, fedha za kigeni zimekauka, na mwaka 1983 serikali ikatangaza vita dhidi ya walanguzi. Hayo yote hayamo kwenye memori kadi. Muziki umetufikia, dhiki imebaki njiani.

Si dhambi hiyo. Kila kumbukumbu huchagua. Ila nikilitazama neno lenyewe, "zilipendwa", naona limeficha kitu. Zilipendwa na nani? Zilitungwa na nani? Neno limekaa kama nyumba yenye taa inayowaka lakini mwenyewe haonekani. Na swali langu leo ni hili: tunaporudia wimbo wa mtu, tunamrithi au tunamwibia?

Chukua mfano mmoja. Mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilitoa wimbo "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison. Mwaka uliofuata Boney M wakatoa wao, wa maneno hayohayo ya salamu na ya hakuna matata. Boney M walikuwa mabingwa wa kurudia; miaka miwili kabla walikuwa wamesharudia "Malaika", wimbo ambao mpaka leo watu wanabishana uliotungwa na nani, huyu akimtaja Fadhili William, yule Adam Salim. Na kundi lenyewe lilikuwa na siri yake: Bobby Farrell alicheza na kufungua mdomo mbele ya watu, kumbe sauti nzito ya kiume kwenye sahani ilikuwa ya Frank Farian, Mjerumani aliyeliunda. Nenda leo kwenye hoteli yoyote ya watalii pwani, "Jambo Bwana" utausikia. Muulize mtalii anayepiga makofi kama analijua jina la Kalanda.

Najua mtanijibu. Mtasema wimbo ni mali ya wote. Bibi zetu wa Kinyiramba wanaimba nyimbo za mavuno zisizo na jina la mtu, kila mmoja anaongeza lake, na hakuna aliyeshtakiwa. Kweli kabisa. Wimbo usiorudiwa hufa. Lakini tazameni tofauti. Ngomani, anayeubadili wimbo yuko mbele ya macho ya kijiji kizima, na kinacholiwa siku ile kinaliwa na wote. Kaseti ni jambo jingine. Miaka ile bendi zetu nyingi zilirekodi kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, watu wakanasa nyimbo redioni, na maduka ya mjini yakazinakili kwenye kaseti na kuziuza. Muuzaji alikula. Mpiga gitaa je? Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999, na wakati huo Mbaraka Mwinshehe alishafariki miaka 20 iliyopita, na Marijani miaka minne.

Wala sisemi kuiga ni kubaya. Mwaka 1981 Queen na David Bowie walitoa wimbo wenye mdundo mmoja wa besi usiosahaulika. Mwaka 1990 Mmarekani Vanilla Ice akauchukua mdundo ule akatengenezea "Ice Ice Baby", na mwanzoni wenyewe hakuwataja, mpaka mambo yalipochacha. Muda si mrefu, Dar es Salaam, kijana Saleh Jabir akaichukua "Ice Ice Baby" hiyohiyo akaitilia maneno ya Kiswahili. Yeye hakudanganya mtu. Kila aliyemsikia alijua ala zimetoka wapi, na raha yenyewe ilikuwa kusikia lugha yetu ikipanda juu yake. Mlango ule alioufungua ndio vijana wengi wa rap ya Kiswahili walioupitia. Mdundo mmoja, watu wawili: mmoja alificha deni, mwingine alilibeba hadharani.

Haya nayasema kwa ukali kwa sababu yananihusu. Nilipokuwa kidato cha nne niliandika hadithi ikasomwa kwenye mahafali. Ilihusu kijana mwenye redio aliyempenda binti mmoja. Alianika betri mchana kutwa ili usiku binti akija wasikilize muziki pamoja. Binti akaja kweli, wimbo ukafika katikati, redio ikakata. Wakakaa kimya mpaka jogoo la kwanza, na kimya kile ndicho kilichowaoza. Watu walipiga makofi. Nilipewa zawadi ya kaunta buku, na mwalimu akasema nina kipaji cha kubuni. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Mjomba alikuwa amekaa benchi la nyuma na shangazi, yaani mkewe, naye alipiga makofi.

Njiani hakusema kitu mpaka tulipokaribia nyumbani. Ndipo akaniambia, "Umeisimulia vizuri, mjomba. Ila betri zilikuwa nne, si mbili."

Basi. Hakunigombeza, hakudai kaunta buku. Lakini mpaka leo, nikishika kalamu kuandika riwaya yangu, naisikia sauti ile. Alikuwa amenipa usiku wake bora kuliko wote, nami nikaufuta jina lake, kama yule muuza kaseti.

Vijana wenzangu tunaotaka kuandika, wote tunaanza kwa kurudia. Kila mmoja ana sauti ya mtu kooni mwake. Turudie tu, tena turudie vizuri, tuongeze chetu. Lakini tumtaje mwenye wimbo, maana kumtaja hakupunguzi utamu hata kidogo, na wakati mwingine ndio malipo pekee atakayoyapata.

Hadithi ile ilikuwa ya mjomba wangu. Na betri zilikuwa nne.