Aibu Tuliyoihamishia Kwenye Simu

Kuna jambo limeingia kati yetu na tumelizoea upesi mno. Mtu mzima, mwenye akili zake na heshima zake, simu yake ya vitufe ikiita mbele za watu, huificha kiganjani na kugeukia ukuta ndipo aipokee. Hakuiba. Hadaiwi. Ameinunua kwa jasho lake, na kwa simu hiyo hiyo hutuma pesa, hupokea pesa na kuwajulia hali wazee wake. Anachoogopa ni macho yetu na midomo yetu, kwa kuwa tumekwisha kumwuliza mara nyingi, huku tukicheka, "Bado tu unatumia hicho kitochi?"

Mwenzake anaiweka simu ya kupangusa juu ya meza ili ionekane. Ameichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, na siku akikosa, inafungwa mpaka alipe. Nyumbani mafuta ya taa yanakopwa dukani. Huyu tunamsifu. Basi tujiulize kwa haki: kati ya hawa wawili, ni nani aliyestahili kuona haya? Aibu ni zawadi. Humzuia mja asidhulumu wala asiseme uongo. Sisi tumeiondoa kwenye deni na uongo tukaibandika kwenye kifaa.

Si kila abadilishaye kifaa anafuata fahari, na tusimhukumu mtu kwa lile tusilolijua. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, aliyetaka kuendelea kutazama televisheni ilimbidi apate king'amuzi, hakuulizwa. WhatsApp nayo huacha kufanya kazi kwenye simu zenye mfumo wa zamani, na mama anayepokea oda zake za maandazi humo hana hiari. Mkopo wa simu inayomletea riziki hauna lawama.

Watengenezaji nao wana dhambi yao, tena ya siku nyingi. Mwaka 1924 kampuni kubwa za balbu zilikutana Geneva zikaafikiana kwamba balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, ingawa zilikuwapo zilizowaka muda mrefu kuliko hapo, na mwenzao ambaye balbu zake zilidumu mno alitozwa faini. Karibuni zaidi, mwaka 2017, Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone ambazo betri zake zimechoka. Ilisema ilifanya hivyo ili simu zisizimike ghafla. Huenda sababu hiyo ilikuwa njema, lakini wateja hawakuambiwa, na kwa kunyamaza huko, Ufaransa iliitoza faini ya yuro milioni 25 mwaka 2020. Aliyeona simu yake imekuwa nzito alidhani imekwisha, akanunua nyingine, na kumbe betri mpya tu ingeirudishia wepesi wake.

Ni rahisi kuwanyooshea kidole walio mbali. Lakini je, uongo wa namna hiyo hatuufanyi hapa kwetu? Yuko fundi ambaye akiifungua simu huona mara moja kwamba tatizo ni tundu la chaji, kazi ya dakika chache. Humtazama mama wa watu usoni akamwambia, "Hii imekufa, niachie hapa nikupe nyingine uongeze kidogo." Jioni hubadilisha kile kitundu na kuiuza simu ile kwa mtu mwingine. Huo ni wizi, hata kama hakuna mfuko uliochanwa. Wapo pia mafundi, Kariakoo na kila mtaa, wanaosema, "Mama, usinunue, hii inatengenezeka," wakaridhika na ujira mdogo. Hao ndio tuwapelekee kazi, na tuwaambie wengine habari zao.

Tukumbuke pia kwamba betri nyingi za simu zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, pande za Kolwezi na Likasi. Wako wanaoichimba kwa mikono katika mashimo yasiyo na nguzo, watoto wakiwamo. Ni ndugu zetu kabisa, Kiswahili chao na chetu kinasikilizana. Na kifaa kikitupwa hakitoweki: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na hata robo yake haikukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu. Simu inayofanya kazi na ikaachwa drooni kwa sababu tu toleo jipya limetoka, imelipiwa na wachimbaji hao bure.

Kwa hiyo kabla ya kununua, mtu aipime nia yake akiwa peke yake. Je, kifaa kimeshindwa kazi, au amekiona kipya mkononi mwa fulani? Angekinunua kama pasingekuwa na mtu wa kukiona? Na sisi wazazi tuchunge maneno yetu, maana mtoto anayemdharau baba yake kwa simu yenye ufa alitusikia sebuleni tukimcheka jirani.

Kuna na hili, nalo nalisema kwa uchungu. Wako waliopokea fedha za mchezo, yaani upatu wa kupokezana kwa zamu, wakisema ni za ada ya shule, wakazinunulia simu. Aliyefanya hivyo asiongeze uongo wa pili zamu ya kuchangia wenzake itakapofika. Awaendee, awaambie kweli, na simu hiyo ikibidi iuzwe, aiuze.