Mbwa Hajaulizwa

Kwetu Eastlands mbwa si wa mtu mmoja. Kwa kadi ya chanjo ni wa fulani, lakini mabaki anapewa na mama wa kibanda, watoto wa ploti ndio wanaomwita jina, na soja wa geti ndiye anakesha naye. Kwa hivyo mtu akipata kazi majuu na kutangaza kwamba anaenda na mbwa wake, watu hucheka kwanza, halafu hukasirika. Hizo doo si zingelipa kodi ya miezi kadhaa hapa Umoja?

Swali la pesa ni halali. Lakini kuna lingine linalonisumbua zaidi. Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi makubaliano ya ajira mjini Berlin, Septemba 2024, Kijerumani kimekuwa gumzo kwa vijana wanaotafuta kazi. Wao wanataka kwenda. Mbwa hajataka chochote. Tuna haki gani ya kumfungia kwenye kizimba saa nane angani, gizani, injini zikinguruma, eti kwa sababu sisi tutakuwa wapweke?

Wengine watasema mnyama haulizwi, anaamuliwa. Mimi sikubali. Asiyeweza kusema bado anaweza kujibu, mradi umpe muda.

Na muda, ajabu ni kwamba sheria inakupa. Ili mbwa kutoka Kenya aingie nchi za Umoja wa Ulaya, anawekwa mikrochipu kwanza, ndipo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Zipite siku 30, damu itolewe ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa. Kinga ikitosha, ungoje tena miezi 3 tangu siku ya kutoa damu. Mwishoni unahitaji cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali. Watu huilaani hiyo miezi. Mimi naona ndiyo nafasi pekee ya kumuuliza mbwa.

Jirani yangu mmoja, muuguzi, aliitumia hivyo. Alinunua kizimba mapema akakiweka sebuleni, mlango wazi. Kilikuwa cha kipimo kinachotakiwa na mashirika ya ndege: mbwa asimame bila masikio kugusa juu, ageuke, alale amejinyoosha. Wiki ya kwanza mbwa alikizunguka akinusa tu. Akawekewa blanketi lake kuukuu, kisha chakula. Siku moja akaingia mwenyewe, akalala. Baadaye mlango ukafungwa dakika tano, kumi, saa nzima. Watoto wa ploti walikuwa wakihesabu kwa sauti.

Ndiyo ya mbwa ni hiyo. Siyo kwamba anaijua Frankfurt; hajui. Lakini ameonyesha kwamba ndani ya kile kizimba haogopi, na ni hilo tu tunaloweza kumwahidi.

Wapo wanaotaka njia ya mkato: mpe dawa ya usingizi, ataamkia Ulaya. Madaktari wa mifugo huonya dhidi yake, maana dawa hiyo hushusha shinikizo la damu na kumfanya ashindwe kujishikilia ndege ikitikisika, na huko chini hakuna wa kumwangalia. Mimi naongeza sababu nyingine: kumlaza ni kumnyamazisha asikujibu.

Basi na akijibu hapana? Kuna mbwa atakayetetemeka kila mlango ukifungwa, hata baada ya miezi minne. Kuna mzee ambaye moyo umechoka. Kuna wale wa pua bapa, ambao hupumua kwa shida kwenye joto, na mashirika mengi huwakataa. Hapo ndipo upendo unapimwa, kwa sababu tumezoea kudhani anayependa ni yule asiyeachana. Kumwacha mbwa na soja aliyekesha naye miaka mitano, ukituma pesa ya chakula na chanjo kila mwaka, si kumtupa. Kumtupa ni kufunga nyumba na kusema atajipanga.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama ni sawa kusafiri na mbwa, simuulizi ana pesa ngapi. Namuuliza kizimba kimekaa sebuleni tangu lini, na mbwa analala wapi.